Jinsi ya kuyafanya makande ya shule yampe mtoto damu na nguvu, si shibe tu

Kila muhula maswali ni yaleyale. Watoto wanakula shuleni kila siku, mbona bado wanasinzia kipindi cha mchana? Tununue unga wa lishe? Mlonge unatosha? Tuwape vidonge vya kuongeza damu? Nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa jikoni.

Mwongozo huu ni wako mwalimu wa lishe, mjumbe wa kamati ya shule au mpishi wa shule ya msingi ya kutwa ambapo wazazi wanachanga mahindi na maharage, na chakula kinapikwa kwa kuni kwenye sufuria kubwa. Wenzetu wa Kenya wanaopika githeri wanaweza kufuata hatua hizihizi bila kubadilisha kitu.

Nadharia ni fupi. Mahindi meupe hayana vitamini A. Maharage yana madini ya chuma na zinki, lakini yana pia kemikali za asili zinazoyashika madini hayo yasiingie mwilini. Vyote viwili havina vitamini B12, na vikishapikwa havina vitamini C ya kuhesabika. Kwa hiyo mtoto anaweza kumaliza sahani nzima ya makande, akashiba kweli, na bado damu yake ikabaki pungufu. Ushahidi uko wazi: utafiti wa afya wa Tanzania wa 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe na 49.8 Rukwa, mikoa ambayo maghala yake ya mahindi yanalisha nchi nzima.

Kuna jambo jingine ambalo kamati nyingi hazilifikirii. Matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto akivuka miaka mitano, kampeni hiyo inamwacha, na kliniki ya kila mwezi nayo inakuwa imekwisha. Wakati huohuo, utafiti wa 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Hao ndio wanaoingia darasa la awali na la kwanza. Kwa wengi wao, sufuria ya shule ndiyo nafasi pekee ya uhakika iliyobaki, na ndiyo maana nasisitiza ipikwe kwa akili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mizani, hata ya kuazima dukani kwa siku moja, ili ujue sado yenu na bakuli lenu la kupimia vinabeba gramu ngapi.
- Ndoo au mapipa safi yenye mifuniko ya kulowekea maharage usiku.
- Turubai la kuanikia na kuchambulia mahindi.
- Chombo chenye mfuniko cha kutunzia chumvi.
- Kinu na mchi, au kinu cha kusaga cha jirani, kwa ajili ya dagaa.
- Daftari la stoo na daftari la jikoni. Yawe mawili tofauti.
- Nakala ya mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi uliotoka 2021. Omba kwa afisa lishe wa halmashauri.
- Kikao kimoja na wapishi, kabla ya kikao cha wazazi. Wapishi wakikubali, nusu ya kazi imekwisha.

Pesa za ziada hazihitajiki kuanza hatua ya kwanza hadi ya tatu. Anza hapo hata kama mfuko wa shule ni mtupu.

Hatua ya 1: Pima kinachoingia sufuriani sasa hivi

Kwa wiki moja, usibadilishe chochote. Pima tu na uandike: mahindi kilo ngapi, maharage kilo ngapi, mafuta kiasi gani, watoto waliokula ni wangapi. Halafu linganisha na kipimo hiki cha kupangia, kwa kila watoto 100:

- mahindi kilo 15
- maharage kilo 4
- mafuta ya kula nusu lita
- chumvi gramu 200 hadi 300

Mara nyingi utakuta mahindi yametosha na maharage yamekatwa karibu nusu, kwa sababu bei yake iko juu na wazazi huyatoa kwa shingo upande. Rekebisha hapo kwanza. Ukibakiwa na hela kidogo, kuongeza maharage kuna faida kuliko kuongeza mahindi.

Hatua ya 2: Chambua na kausha mahindi

Unaweza kuona hatua hii haihusiani na vitamini. Inahusiana, kwa sababu hakuna maana ya kumwekea mtoto mboga juu ya mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hii, na mwaka 2004 iliua watu zaidi ya mia moja nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui. Kuchemsha hakuiondoi.

Michango ya wazazi inatoka nyumba nyingi, kila moja na namna yake ya kutunza. Gunia moja bovu likichanganywa na mengine limeharibu yote. Pokea kila mchango, umwage kwenye turubai, uangalie kabla ya kuumimina kwenye gunia la shule. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu zitoke. Usizipeleke kwa kuku.

Kujua kama mahindi yamekauka, tumia njia ya chupa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia vijiko vichache vya chumvi kavu na mahindi hadi robo, funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha acha yatulie kidogo. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yaanike tena. Ikianguka chini yote, yaweke stoo. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta. Mkiweza kununua mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, itawaokoa na wadudu na dawa za kuhifadhia.

Hatua ya 3: Loweka maharage usiku, mwaga maji yake

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote zisizo na gharama. Jioni, chambua maharage, osha, loweka kwa maji mengi, funika. Saa 8 hadi 12 zinatosha. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, suuza, pika kwa maji mapya. Sehemu ya zile kemikali zinazoshikilia chuma na zinki inaondoka na maji hayo, na kuni zinazotumika zinapungua sana. Mpishi aliyezoea kuanza moto alfajiri atakushukuru kwa hilo kabla hujamweleza habari za madini. Mahindi ya makande nayo yalowekwe vilevile, kwenye ndoo yake.

Onyo: usitie magadi. Najua yanalainisha maharage haraka na yanafanya mboga ibaki kijani. Lakini magadi yanaua vitamini B1 na vitamini C. Ukishaloweka, huna haja nayo.

Hatua ya 4: Chagua nyongeza tatu

Hapa ndipo sahani inapobadilika. Unahitaji kitu kimoja kutoka kila kundi, kila siku mnapoweza. Hakuna kundi linaloweza kuziba pengo la jingine.

*Kundi la kwanza: mboga za kijani kibichi, au chakula chenye rangi ya chungwa.* Hili ni kwa vitamini A na asidi ya foliki. Mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu, mgagani, sukuma wiki. Kwa watoto 100 panga kilo 6 za mboga iliyokwishachambuliwa, maana yake ununue au ukusanye kama kilo 8. Kabichi haimo kwenye orodha hii. Ni chakula kizuri kwa mambo mengine, lakini kwa vitamini A ile nyeupe haina msaada, na shule nyingi zinaitegemea kwa sababu inakaa muda mrefu bila kuoza.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, ni bora zaidi. Kiazi kidogo cha gramu 125 hivi kinatosha kumpa mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Mbegu za Kabode na Mataya zinapatikana Tanzania. Muulize afisa ugani marando yanapatikana wapi karibu nanyi. Kwa walio Kigoma, mawese mnayo, na hayo ni hazina. Tatizo ni kuyachoma mpaka yapoteze wekundu wake. Wekundu ule ndio vitamini yenyewe, kwa hiyo yatie mwishoni na usiyaunguze.

*Kundi la pili: dagaa.* Wazazi wengi wanadhani nyama ndiyo jibu, halafu kwa kuwa nyama ni ghali wanakata tamaa. Dagaa wanaliwa mzima, pamoja na mifupa, wanaleta vitamini B12, zinki, chuma na kalsiamu, na zaidi ya hapo samaki akiwa kwenye sahani moja na maharage anausaidia mwili kufyonza chuma cha maharage. Kilo moja ya unga wa dagaa inatosha watoto 100. Mkibanwa, nusu kilo si haba.

Namna ya kuwaandaa: nunua wale waliokaushwa juu ya chanja, si chini mchangani. Chambua, pepeta, toa vichwa kama ni vichungu. Osha haraka kwa maji ya moto, anika wakauke tena, kisha wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wavunjike ukiwabana kwa vidole. Hapo twanga au saga, chekecha. Unga huo uwekwe kwenye chombo kikavu kinachofungika, na utengeneze wa wiki moja au mbili tu, kwa sababu mafuta ya samaki huchacha.

*Kundi la tatu: kitu chenye vitamini C, kwenye mlo uleule.* Sisitizo liko kwenye "mlo uleule". Chungwa analokula mtoto saa kumi jioni nyumbani halisaidii maharage aliyokula saa saba. Nusu ya pera, robo ya chungwa, kipande cha papai, nyanya mbichi iliyokatwa, au ndimu iliyokamuliwa sahanini. Kwa Dodoma, Singida na Iringa kuna ubuyu. Koroga unga wa ubuyu kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kila mtoto apate kikombe kidogo pamoja na makande. Usiuchemshe, na usiujaze sukari wala rangi kama ule wa barabarani.

Kwa nini nalipigia kelele kundi hili linaloonekana dogo? Kwa makadirio ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, mtoto wa miaka 7 hadi 10 anahitaji miligramu 17.8 za chuma kwa siku kama mwili wake unafyonza asilimia 5 tu ya anachokula. Ikiwa mlo umepangwa vizuri na mwili unafyonza asilimia 10, anahitaji miligramu 8.9. Yaani nusu kamili. Chakula ni kilekile, na kilichobadilika ni kilichoandamana nacho. Pera linaloanguka na kuoza chini ya mti nyuma ya darasa linaweza kufanya kazi ambayo fedha za kamati haziwezi.

Hatua ya 5: Pika kwa mpangilio huu

1. Bandika mahindi yaliyolowekwa. Yakianza kulainika, ongeza maharage na maji mapya.
2. Wakati yanaiva, osha mboga zikiwa nzima. Kata baada ya kuosha. Ukikata kwanza halafu ukaosha, vitamini inakwenda na maji.
3. Makande yakiiva, ongeza kitunguu, nyanya, mafuta na unga wa dagaa. Koroga, acha yachemke dakika kama kumi.
4. Tia mboga. Funika. Dakika 5 hadi 10, basi.
5. Epua. Tia chumvi. Koroga vizuri.
6. Gawa mapema. Mboga ikikaa sufuriani saa mbili inaendelea kuiva hata kama moto umezimwa.

Mafuta na mboga lazima viende pamoja, maana vitamini A haifyonzwi bila mafuta. Ukiona sahani haina mng'ao wowote, mboga ile imeliwa karibu bure.

Kisamvu kina utaratibu wake. Kitwange, ukichemshe vya kutosha sufuria ikiwa wazi, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Usikitie dakika tano za mwisho kama mchicha. Pika pembeni, kisha uchanganye.

Hatua ya 6: Chumvi yenye madini joto, na itiwe mwisho

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji mikrogramu 120 za madini joto kwa siku. Ni kiasi kidogo mno, lakini akikikosa kwa muda mrefu tezi la shingo huvimba, na kabla ya shingo kuvimba uelewa darasani unakuwa umeshaathirika.

Nunua chumvi iliyofungwa, yenye maandishi kuwa imeongezwa madini joto. Chumvi ya mawe ya kupima kwa kopo, inayokaa nje ya duka juani na mvuani, usiiamini hata kama muuzaji anakuapia. Ikibidi kuitumia, mwombe afisa lishe au afisa afya alete kipimo cha matone: tone likiangukia chumvi yenye madini joto, inageuka rangi ya buluu au zambarau. Fanyeni zoezi hilo mbele ya darasa la sita, kila mtoto alete kijiko cha chumvi ya kwao kwenye karatasi. Taarifa zitafika nyumbani jioni hiyohiyo.

Stoo, chumvi ikae kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto na jua.

Hatua ya 7: Siku za ugali na uji, tumia unga ulioongezwa virutubishi

Makande hayapiti kwenye kinu cha kusaga, kwa hiyo faida ya unga ulioongezwa virutubishi hamuipati siku za makande. Ndiyo sababu napendekeza angalau siku mbili za wiki ziwe za ugali au uji.

Tangu 2011 kanuni za Tanzania zinataka unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula viongezwe virutubishi. Kwenye unga wa mahindi vinaongezwa chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na kwenye mafuta vitamini A. Lakini unga unaosagwa kwenye mashine ya kijijini kwa kawaida haujaongezwa kitu. Uliza kama kuna mashine karibu yenye kifaa cha kuchanganyia virutubishi, kama vile vya shirika la Sanku vilivyofungwa kwenye mashine nyingi ndogo nchini. Kama ipo, peleka mahindi ya shule hapo.

Mafuta nunua kwenye dumu lililofungwa, lenye nembo ya kuongezwa virutubishi, uyatunze gizani. Mafuta ya kupima yaliyokaa kwenye chupa nyeupe juani yamepoteza vitamini A yake kabla hujayafikisha jikoni.

Dona au sembe? Dona ina madini na vitamini B zaidi, ila sumukuvu nayo hukaa zaidi kwenye ganda. Kama hatua ya pili mmeifanya vizuri, sagisheni dona. Uji wa ulezi au mtama uchachushwe kwa kimea kabla ya kupikwa. Wazee walijua utamu wake, na uchachu huo pia unayafungua madini yaliyofungwa kwenye nafaka.

Hatua ya 8: Tafuta mboga za kila siku bila kujidanganya kuhusu bustani

Kila ripoti inasema shule ianzishe bustani. Sawa, ianzishwe. Lakini piga hesabu: shule ya watoto 300 kwa kipimo cha hatua ya nne inahitaji kilo 18 za mboga kwa siku. Matuta sita nyuma ya vyoo hayatoi hizo. Bustani ndogo ni darasa zuri na ni akiba ya siku mbili tatu. Usiitegemee zaidi ya hapo mpaka muwe na maji ya uhakika na eneo la kutosha.

Njia inayofanya kazi ni zamu. Darasa la kwanza na la pili walete fungu moja la mboga Jumatatu, la tatu Jumanne, na kuendelea. Kila mtoto anabeba mara moja kwa wiki. Mzazi asiyeweza kuchanga fedha mara nyingi ana matembele nyuma ya nyumba. Na mtoto ambaye kwao hawana hata hayo, asisimamishwe mstarini wala kunyimwa sahani. Mwalimu amjue kimya kimya na jambo liishe hapo.

Msimu wa mvua, kausheni mboga za kutumia kiangazi. Chovya mboga kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, toa, anika kivulini penye upepo au kwenye kaushio lenye kifuniko. Jua kali la moja kwa moja linaiua vitamini A. Mboga iliyokaushwa vizuri inabaki na kijani chake. Ikiwa kahawia kama tumbaku, imebaki nyuzi.

Hatua ya 9: Funga mianya ya damu

Safura hunyonya damu tumboni, kichocho huitoa kwenye mkojo, malaria huivunja. Ukijaza ndoo inayovuja utachoka bure. Hakikisha shule haikosi zoezi la kitaifa la dawa za minyoo na kichocho, na siku ya dawa watoto wale kwanza. Wengi wanaokataa dawa ni wale waliowahi kuzimeza na njaa wakatapika. Ndoo za kunawia mikono, sabuni na vyoo vyenye maji ni sehemu ya lishe, si ya usafi peke yake.

Hatua ya 10: Andika

Kila siku kwenye daftari la jikoni: watoto waliokula, kilo za kila kitu, nyongeza ipi imetoka kila kundi, na chakula kilichobaki. Mwisho wa mwezi hesabu ni siku ngapi makundi yote matatu yalikuwepo. Hiyo ndiyo alama yenu. Ikitoka siku 4 ikafika 12, mnasonga mbele, na mwenyekiti ana kitu cha kuwaonesha wazazi kwenye kikao.

Makosa ninayokutana nayo mara kwa mara

*Chai ya rangi pamoja na chakula.* Majani ya chai huzuia chuma kisifyonzwe. Kama watoto wanapewa chai, iwe saa moja au zaidi mbali na makande, au ibadilishwe iwe uji.

*Unga wa lishe wenye nafaka kumi.* Kuchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama ni kurundika vyakula vya aina moja. Vitamini A haizaliwi humo. Soya mbichi ikitiwa bila kuchemshwa au kukaangwa inamsumbua mtoto tumbo, na karanga zilizosagwa na kukaa miezi zinaota sumukuvu. Mkitaka unga huo, viwe vitu viwili au vitatu: nafaka moja, soya iliyochemshwa na kukaushwa, karanga zilizochaguliwa. Sagisheni kidogo kidogo.

*Mlonge kama dawa ya kila kitu.* Majani yake ni mboga nzuri, yaweke kwenye kundi la kwanza. Kijiko kimoja cha unga wake kwenye sufuria ya watoto mia mbili hakina uzito wowote.

*Kununua vidonge vya kuongeza damu na kugawa darasani.* Usifanye hivi. Chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto, na mtoto mwenye selimundu au malaria anahitaji uangalizi wa mtaalamu. Vidonge vya wasichana na unga wa virutubishi vya nyongeza vipitie kituo cha afya.

Kama mambo hayaendi

*Watoto wanachomoa mboga na kuzitupa.* Zikate ndogo zaidi na uzichanganye na karanga zilizosagwa. Watoto wengi hawachukii mchicha. Wanachukia mchicha uliopikwa saa nzima ukawa mweusi.

*Wanalalamika harufu ya dagaa.* Hawakukaangwa vya kutosha, au unga umekaa muda mrefu. Anza na robo kilo kwa watoto 100 kwa wiki mbili, ongeza pole pole, na ukaange kitunguu na nyanya kabla ya kuutia. Kwa mtoto anayevimba au kuwashwa akila samaki, tenga sufuria ndogo kabla ya kutia dagaa.

*Maharage hayaivi hata yakilowekwa.* Ni ya zamani, yamekaa kwenye joto. Yaloweke saa 12 kamili, badilisha maji mara moja katikati, na usitie nyanya wala ndimu kabla hayajalainika, kwani uchachu unayakaza.

*Wapishi wanasema kazi imeongezeka.* Ni kweli, imeongezeka. Wazazi wawili kwa zamu waje kuchambua mboga asubuhi, na posho ya mpishi ipangwe upya kwenye kikao.

*Wazazi wanasema sisi tulikula makande matupu na tukakua.* Usibishane. Waalike siku ya chakula, wapewe sahani ileile wanayopewa watoto. Kisha fungua daftari, waoneshe ni nini kimeongezwa na kimegharimu kiasi gani kwa mtoto mmoja.

*Kuna mtoto ambaye miezi inapita na hali yake haibadiliki.* Angalia viganja na ndani ya kope za chini kama ni vyeupe, midomo kama imechanika pembeni, macho kama hayaoni jioni, shingo kama imevimba, na uulize kama anakula udongo. Ukiona lolote kati ya hayo, mwite mzazi na mtoto apelekwe kituo cha afya wiki hiyohiyo. Huko watapima damu: kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, himoglobini chini ya gramu 11.5 kwa desilita ni upungufu, na kwa wa miaka 12 hadi 14 ni chini ya 12. Andika majibu kwenye kumbukumbu zake za shule, na uulize tarehe ya kurudi.